Mke wa Mwashi Hataki Kuhama

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umekufa. Saruji tangu asubuhi — mifuko, ngazi, mifuko. Tunaongeza chumba kwenye maktaba ya vitabu vya kale. Vitabu vyenyewe vimekaa kwenye ubaridi, vimefunikwa, hata vumbi haliruhusiwi kuvisogelea. Laiti ningezaliwa kitabu!

Mchana akashuka Profesa, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Yeye husoma michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kale. Anasema enzi hizo kila ufundi ulikuwa na mchezo wake, waokaji wao, waashi wao, wakiigiza barabarani. Amepata mchezo wa waashi na hataki uchezwe na wanafunzi wake, mikono yao laini mno. Anatutaka sisi. Siku za mazoezi tutaacha kazi saa tisa. Saa tisa! Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 4 Machi

Nimepangiwa kuwa mke. Zamani wanawake waliigizwa na wanaume, anasema Profesa, na ndevu zangu si tatizo.

Hadithi ni hivi. Mwashi ameitwa mji wa mbali kujenga kanisa kubwa. Mkewe hataki kuhama. Mume anabembeleza, mke kakaa kitako. Shetani anakuja kumsaidia mume, anabomoa ukuta wa nyumba ili mke atoke. Basi. Karatasi ya mwisho ililiwa na panya, au na moto, wataalamu hawajapatana. Hakuna ajuaye kama mke alikwenda. Profesa amebishana na mwenzake juu ya hilo mpaka hawasalimiani. Watu wazima, na shahada zao!

Kiingereza chenyewe ni cha miaka mia sita nyuma, Profesa ametutafsiria. Hata wenye lugha yao hukisoma kwa kamusi. Nimefarijika. Mimi cha leo tu ndicho kilichonitoa shuleni.

Fundi mwashi ndiye mume wangu. Fundi bomba ni Shetani. Tayari wote wananiita shemeji. "Shemeji, mbona chai imechelewa?"

Alhamisi, 6 Machi

Msimamizi kaniita. Nyumba za kampuni zina nafasi ya mtu mwenye familia, na zamu ni yangu. Nithibitishe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo jioni kwamba mke wangu anakuja, la sivyo anampa fundi bomba. Miaka yote hii nalala na wanaume wanaokoroma kama mashine za kukoboa!

Nikampigia mke wangu kule nyumbani. Nikamwambia bomba la ndani, umeme, vigae. Akasema hongera. Nikasema, basi njoo. Akasema ana nguo kwenye maji, akakata.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Mume wangu kapiga goti: mke wangu, huko kuna nyumba ya mawe, kuna kisima uani! Mimi na gauni langu nimenuna, kama nilivyoagizwa. Akarudia. Mawe! Kisima! Nikaanza kukasirika kwelikweli. Mwanamume huyu anasifia nyumba kama dalali, haniulizi kitu.

Halafu nikapoa. Maneno yale nayajua. Bomba. Vigae.

Profesa akasema uso wangu una kina. Nikamwambia ni njaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia tena. Safari hii sikutaja vigae. Nikauliza: hasa nini kinakuzuia? Kisha akafunguka — lo! Kwamba pale alipo akikohoa tu, jirani anauliza kama amekunywa dawa. Kwamba mimi nitaondoka alfajiri nirudi kama maiti, na yeye atazungumza na bomba? "Unatafuta mke au mlinzi wa chumba?" Pembeni mama yangu, anayekaa naye, akadakia: mwambie, mkwe wangu, mwambie!

Mama yangu mzazi!

Jumatano, 12 Machi

Vita vya ukuta. Profesa alimwomba fundi mwashi ajenge ukuta wa jukwaani wa kuanguka kwa teke moja. Fundi kautia saruji na nondo. Profesa kapiga kelele. Fundi naye: mama, tangu nishike mwiko sijajenga kitu cha kuanguka, nianze leo mbele ya wageni? Akaapa ataulegeza. Profesa alipogeuka, akaupiga plasta.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika mbiombio. Leo ndiyo onyesho, wataalamu walijaa uani, karatasi magotini. Shetani akaja kwa kishindo, akapiga teke. Ukuta, hata kutikisika. Teke la pili — akashika kidole cha mguu, akarukaruka, akitoa matusi ambayo Shetani wa kale hakuyajua. Mume wangu, badala ya kusikitika, anatabasamu kwa fahari. Watu wanacheka hadi machozi.

Sasa mchezo hauna pa kwenda. Mume kasahau maneno. Profesa ananipungia: sema lolote! Nikasema ya mke wangu. Yote. Kikohozi, dawa, bomba. Mume wangu akajikuna kichwa: "Sasa, mke wangu, wewe unataka nini?" Nikamjibu, leo ndiyo unauliza? Makofi! Profesa na hasimu wake wakasimama, wakaanza kubishana palepale.

Simu ikalia. Mke wangu. Na msimamizi mbele yangu anagonga saa yake: ndiyo au hapana? Nyuma yake fundi bomba, anachechemea, anasubiri.

Mke wangu hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kauliza: "Ng'ambo ya ukuta wa jikoni anakaa nani?"

Sijui! Nimekwenda mara mbili, nimeangalia vigae. Nikamwomba msimamizi anivumilie kidogo, nikatoka mbio hadi nyumba za kampuni. Niko mlangoni kwa jirani, simu iko hewani. Nimebisha. Ndani sauti ya mwanamke: nani? Ndipo nikajitazama. Gauni. Mtandio. Ndevu. Nimejibanza pembeni naandika ili moyo utulie — daftari hili ndilo lililokuwa kifua changu jukwaani. Anauliza tena, nani? Kandambili zinakuja. Na mke wangu sikioni: "Mbona hujibu? Msalimie kwanza! Halafu mwulize kama yeye, akisikia jirani anakohoa, huwa —"