Plagi Mpya kwenye Injini Iliyochoka

Sumbawanga,
Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Athumani,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mama naye goti liwe limempa nafuu. Sisi huku tupo. Baridi ya Ufipa mwaka huu imegoma kuondoka. Shemeji yako Zuhura anavaa sweta, anafunga kanga mbili juu yake, na bado analalamika, maana yeye ni mtu wa Wampembe, amekulia kwenye joto la kando ya ziwa. Watoto wana mafua ila wanacheza. Mimi siumwi. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Juzi nilikukatia simu. Ulikuwa na furaha, umenunua gari lako la kwanza, ukaniuliza, "Kaka, wanasema plagi za kisasa na zile nyaya nene zinaongeza nguvu ya injini. Ni kweli? Nitafutie huko mpakani, nataka nianze kupandisha abiria mlima wa Newala." Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri, Athumani. Nilishindwa kusema. Nakuandikia ili nikujibu vizuri, maana swali hilohilo nililetewa hapa gereji na mtu mwingine, nikalijibu nusu.

Huyo mtu anaitwa Deo. Ni mkulima wa Milepa, kule bondeni chini ya milima, na alikuwa na gari kuukuu la petroli la watu saba alilokuwa anapandishia abiria kuja mjini. Tulipofika hapa miaka saba iliyopita hatujui mtu, Deo ndiye aliyetutafutia chumba. Mkewe, Skola, alikuwa akituletea mchele wa bondeni kila mavuno. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, Skola alipanda kutoka Milepa akakaa na Zuhura wiki nzima, anapika, anafua, anaimba nyimbo zao za kanisani huku anamwogesha mtoto. Ilikuwa kama tumepata ndugu.

Mwanzoni mwa mavuno ya mahindi Deo alikuja gereji ameshika mfuko kama mtu aliyetoka harusini. Alikuwa amefika Kasesya, mpakani na Zambia, kwa mama mmoja anayeuza vipuri, akarudi na plagi za ghali na nyaya zake nene nyekundu.

"Fundi Saidi," akasema, "leo unanipa gari jipya. Wenzangu wote pale stendi wanasema ukifunga hizi, mlima unaupanda unapiga mluzi."

Nikafungua plagi za zamani. Zilikuwa zimelowa oili, nyeusi tii. Ukiona hivyo unajua oili inapita ringi za pistoni na kuingia mahali pa moto. Nikachukua geji nikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili zilikuwa sawa. Mbili zilikuwa chini, chini sana. Injini ile ilikuwa imechoka, ilitakiwa ishushwe, ifunguliwe, ifungwe ringi mpya.

Nikamwambia, "Deo, hii injini ingefaa tuifungue."

Akacheka. "Wewe kila siku unataka kufungua! Sasa hivi ni mavuno, watu wamejaa bondeni wanataka kupanda. Funga plagi, bwana."

Nikafunga. Na hapa ndipo nataka unielewe, mdogo wangu. Gari liliwaka mara moja. Misi yote, ule mkatiko wa moto, iliisha, likawa linanguruma taratibu kama jipya. Deo akalizungusha mjini, akarudi ananikumbatia mbele ya watu. Ningeweza kumwambia pale pale: hizi hazijaongeza kitu, zimekurudishia tu kile ambacho plagi chafu zilikuwa zinakunyima, na hata plagi za kawaida zikiwa mpya zingefanya hivihivi. Ningeweza kumwambia, baada ya wiki chache oili itazichafua hizi kama ilivyochafua zile, na siku hiyo utakuwa mlimani. Nilikuwa nayajua yote hayo. Geji bado ilikuwa mkononi.

Lakini alikuwa anapiga kelele, "Jamani, huyu ndiye fundi! Gari limefufuka!" na madereva wawili wa stendi wamesimama wananitazama. Miaka saba hapa nilikuwa naitwa yule Mmakonde wa gereji ya nyuma. Siku ile niliitwa fundi. Nikanyamaza nikatabasamu. Kesho yake madereva wale wakaja na magari yao.

Wiki nne zikapita.

Skola alikuwa mjamzito, nadhani nilikudokeza. Siku zilikuwa bado kidogo, uchungu ukamwanza mapema, na damu ikaanza kutoka kabla ya mtoto. Pale kituoni bondeni wakasema huyu apandishwe mjini upesi, akafanyiwe upasuaji. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshapanda na mgonjwa mwingine alfajiri. Walitaka kuita lingine, lakini Deo akasema hana haja ya kusubiri, analo gari, tena amelitengeneza majuzi. Akamlaza mkewe kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, wakaondoka.

Saa tano asubuhi simu yangu ikaita.

"Fundi, gari limekataa. Tuko katikati ya mlima. Linatetemeka, linatoa moshi wa bluu, halivuti. Nina Skola ndani, fundi."

Gereji siku ile hapakuwa na gari linalotembea. Nilichukua spana, tambara na kopo la petroli, nikapanda bodaboda. Yule kijana wa bodaboda aliendesha kama mwendawazimu na mimi bado nikawa namwambia aongeze. Tulifika saa saba kasoro. Deo alikuwa ameegesha kwenye kona, ameweka mawe nyuma ya matairi, boneti iko wazi. Magari ya bondeni yalikuwa yameshapanda tangu asubuhi, na tangu wasimame hakuna lililopita. Skola walikuwa wamemtoa ndani kwa sababu ya joto, amelala juu ya kitenge kwenye kivuli cha gari. Kitenge kilikuwa kimelowa. Mama yake alikuwa anampepea kwa daftari la kliniki.

Skola aliponiona akajaribu kugeuza shingo. Akasema, "Fundi, pole na safari."

Pole na safari, Athumani. Ananipa pole mimi.

Nilienda kwenye injini. Nilifungua plagi, zote zikatoka zimelowa, zile mbili za silinda zilizochoka zinadondosha oili kabisa. Nikaziosha kwa petroli, nikazifuta, nikazichoma kwa kiberiti zikauke, nikazirudisha. Gari likawaka. Tukampakia. Likapanda kona ya kwanza, ya pili, likaanza tena kutetemeka, kona ya tatu likazima. Nikaosha tena. Likapanda kona moja. Deo alikuwa anashika usukani na kusema, "Twende mama, twende mama," sijui alikuwa anasema na gari au na mkewe.

Mara ya tatu halikuwaka.

Nikamuuliza kijana wa bodaboda kama tunaweza kumbeba. Mama mkwe akatikisa kichwa. Skola hakuwa mtu wa kuketi tena. Tukakaa. Baadaye likaja lori la mpunga. Dereva wake hakuuliza kitu, alishuka mwenyewe akasaidia kumwinua, tukamlaza juu ya magunia. Deo akapanda naye, na mama. Mimi nikabaki na gari.

Skola alifariki juu ya magunia, nyumba za kwanza za mji zikiwa zinaonekana. Yeye na mtoto. Alikuwa wa kiume.

Tulimzika Milepa. Zuhura alilia mpaka sauti ikakauka. Baada ya maziko Deo alisimama kushukuru watu, akanitaja. "Namshukuru fundi Saidi, alikuja na bodaboda, alipambana mpaka mwisho." Watu wakaitikia. Wazee wa Kifipa wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama nimeshika kofia, nataka ardhi inimeze.

Nilikaa na jambo hilo. Zuhura aliniuliza mbona sili, nikasema majonzi.

Baada ya majuma kadhaa Deo akaja gereji. Amekonda, ndevu zimemjaa, nyuma yake wako madereva watatu wa stendi. Akasema, "Fundi, nataka uje nasi Kasesya. Yule mama wa vipuri aliniuzia plagi feki. Wewe ndiye uliyezifunga, wewe ndiye shahidi. Tunakwenda kwenye kile kibanda chake na leo hatakisahau."

Mmoja wa wale madereva alikuwa na galoni la petroli. Lilikuwa limejaa.

Nikafikiri juu ya yule mama. Simjui hata jina. Anakaa pale mpakani na meza yake ya plagi na mikanda ya feni, hajui kama kuna watu wanakuja. Nikisema ndiyo tu, mimi nimepona. Hakuna mtu angeniuliza kitu tena maisha yangu yote.

Nikasema, "Deo, plagi zilikuwa nzima."

"Unasemaje?"

"Plagi zilikuwa nzima. Nyaya pia. Mama yule hakukudanganya. Injini ndiyo iliyokuwa imekwisha. Nilipima siku ile ile kabla sijafunga. Nilijua kwamba zitachafuka tena. Nilijua haitapanda mlima muda mrefu."

Madereva wakatazamana. Deo akauliza polepole, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikwambia usifungue."

"Ulisema. Lakini hukujua nilichokiona kwenye geji. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unanisifu."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Aliketi kwenye tairi lililokuwa pale, akatazama mikono yake.

"Ungeniambia ningekasirika," akasema. "Ningekasirika wiki moja, Saidi. Labda mbili."

Akainuka, akaondoka. Wale watatu wakamfuata, na yule mwenye galoni akaliacha pale pale mlangoni. Kasesya hawakwenda.

Tangu siku hiyo Deo hajaja kwetu. Gari lipo bado nyuma ya gereji, hajalifuata. Zuhura nilimweleza yote usiku ule, naye hakunisemesha siku nyingi. Sasa ananisemesha, lakini mchele wa Milepa uliobaki kwenye debe hapiki, wala hataki mtu auguse. Wateja wengine wameondoka. Wanaobaki ninawaonyesha geji kabla ya kugusa chochote, na wengi wananiona mkorofi. Waache.

Sasa jibu lako. Plagi kazi yake ni kuwasha. Kama zako zimechakaa, au nyaya zinavujisha umeme, badilisha, utaona gari limechangamka, na utakuwa umerudishiwa haki yako tu. Za ghali zinadumu zaidi, basi. Nguvu iko kwenye silinda, kwenye ringi na vali, na hakuna plagi inayoweza kuwasha mgandamizo ambao haupo. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, lipeleke gari kwa fundi mwenye geji, simama hapo hapo, mwambie asome mbele yako. Silinda moja ikiwa chini, usipandishe mlima wa Newala na roho ya mtu ndani. Kasirika ukitaka. Unikasirikie hata mimi.

Nisalimie mama, mwambie nitakuja akishavuna korosho. Nisalimie mjomba wetu mvuvi, na shangazi wa Kitangari aliyetulea. Msalimie mchumba wako, simjui jina lakini nimesikia anapika vizuri. Zuhura na watoto wanakusalimu. Na ukienda msikitini Ijumaa, omba dua kwa ajili ya mwanamke Mkristo anayeitwa Skolastika na mwanawe ambaye hatukuwahi kumpa jina.

Ni mimi kaka yako,
Saidi