Mikono Yako Haikukosea

Ndugu yangu Barasa,

Naanza kwa jina la Mola aliyeiumba mikono na anayejua yote iliyoyatenda. Ninakuandikia nikiwa Makina, kwenye baraza ya madrasa, baada ya swala ya alasiri. Sijui kama maandishi humfikia aliyelala. Lakini haki yako imo kifuani mwangu, na nilivyosomeshwa ni kwamba Mungu husamehe alilokosewa Yeye; alilokosewa mja humwachia mja mwenyewe.

Karakana yako ya Kawangware, pale kituo cha 46, imefunguliwa tena. Binti yako Nekesa ndiye anayetengeneza redio sasa, na wateja wamerudi. Ubawa mmoja wa ile ndege ndogo uliyoiunda bado umetundikwa ukutani. Umejaa vumbi, na hakuna anayethubutu kuupangusa.

Unakumbuka nilivyokuletea kipaza sauti cha msikiti ukitengeneze, nikaondoka nimefundishwa urubani? Mwajiri wako wa zamani alikuachia kompyuta na rimoti mbili za kuongozea ndege ndogo. Moja ulirushia ndege ya kweli kwenye uwanja wa shule ulio jirani; ya pili uliiunga kwa waya kwenye kompyuta, tujifunzie humo kwa ndege ya kwenye skrini. "Hapa, Maalim, ukianguka huzikwi," ulisema. Nami nilianguka mara nyingi, nawe ukanicheka mpaka machozi: "Wee Maalim, hiyo ni ya ngapi leo? Malaika wamechoka kukuandika!"

Sharti lako lilikuwa moja. Kabla ya kuwasha rimoti ya kompyuta, kristali itoke. Kipande kile kidogo kama punje ya mchele ndicho kilichoipa rimoti mkondo wake hewani, na rimoti zote mbili zilikuwa za mkondo mmoja; zikiwaka pamoja, ndege haijui imtii nani. Ulikitoa kwa kucha, ukakitia kwenye kofia yangu, ukanivisha. "Kristali ikiwa kichwani pa Maalim, aliye uwanjani yuko salama."

Jumamosi ile nilikuja ukiwa umekwisha kwenda uwanjani na ndege uliyoiunda kwa mwaka mzima. Mama Nekesa alinifungulia. Nilitaka ukirudi unikute nimejua kutua. Nilijaribu kuitoa kristali; vidole vyangu ni vinene, macho yangu ni ya uzee, haikutoka. Mama Nekesa alikuwa hapo nje, akichagua mchele. Niliona haya kumwita. Nikaikunja antena hadi mwisho, nikajiambia kwamba rimoti iliyokunjwa antena haina sauti. Nikaiwasha.

Ulirudi na gunia la vipande. Ndege ilikuwa imepinduka angani bila sababu, ikaanguka hatua mbili kutoka kwa mama mwuza mahindi. Uliketi kwenye kigoda, ukaitazama mikono yako. "Ingemuua yule mama. Mikono imekwisha, Maalim. Sasa mimi ni wa kutengeneza pasi tu."

Rimoti ilikuwa mapajani mwangu, bado ina moto. Nilijua. Barasa, nilijua pale pale. Neno lilifika kwenye ulimi, likarudi. Nikasema, "Ni kadari." Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu ukweli, nilimsingizia Mungu kosa langu.

Hukurusha tena. Masika yakaja, kifua kikakubana, tukalisindikiza jeneza lako hadi kwenye gari la kukupeleka kwenu magharibi. Nilisimama nyuma ya waimbaji wa kanisa lako, na kila aliyenipa mkono wa pole alinizidishia uzito.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mkeo nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja kanga, kisha akasema: "Kila asubuhi alikuwa akinyoosha mikono pale dirishani, aone kama inatetemeka. Haikuwa ikitetemeka, Maalim. Ungemwambia." Nilimwomba msamaha kwa niaba yako. Akasema, "Wangu nakupa. Wake sina."

Nekesa alitusikia. Siku mbili hakunisalimu. Siku ya tatu akaniita karakanani, akanionyesha rimoti. "Nifundishe alivyokufundisha." Akaitoa kristali kwa kucha, kama wewe, akasubiri. Nilivua kofia. Mikono yangu ndiyo iliyotetemeka.

Kwaheri, ndugu yangu. Pumzika alikokuweka Aliyekuumba. Mimi ninakuja, na huko nitayasema mbele yako kabla sijaulizwa. Mpaka siku hiyo, ninakuahidi: rimoti ile haitawashwa karakanani mwako kabla kristali haijatoka, na kila atakayekuja kujifunza nitamwonyesha ubawa ulio ukutani, nimwambie ni nani aliyeuangusha.

Ninaandika haya nikiwa nimevaa kofia. Nekesa yuko kwenye kompyuta, Kawangware. Kristali iko hapa, kichwani pangu.

Maalim wako