Ng'ombe wa Mama Holo

Jumatatu, 8 Julai

Zamu ya mchana tena. Kusukuma marobota. Nyuzi za pamba puani, masikioni, mpaka kwenye uji. Masanja anasema nimeanza kuota manyoya kama kuku wa kisasa. Masanja ni mwenyeji wa hapa Bariadi, tunasukuma robota moja wawili, yeye anaimba, mimi nahema.

Mke wangu Leokadia ametuma picha ya mtoto wetu kwenye simu ya Masanja, maana yangu ni ya tochi. Nimeitazama mpaka mwenye simu akaidai. Ester ana miezi minne. Sijawahi kumshika. Nilipoondoka Kasulu tumbo la mama yake lilikuwa bado linafichika chini ya kitenge. Nilikuja kulima vibarua, nikasema mvua zikiisha narudi. Halafu jinari, kiwanda hiki cha kuchambua pamba, ikafunguliwa.

Kwetu sasa hivi ukungu umekaa vilimani na watu wamevaa makoti. Hapa nchi imelala chali. Hakuna mahali pa kuegemeza macho.

Jumanne, 9 Julai

Kazi. Vumbi. Mama Holo, mwenye nyumba wangu, amepika ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyokaushwa. Ni mjane, ana ng'ombe wawili wa plau na mdomo mkali. Alipojua tu mimi ni Muha hakuniacha. Ananiita mtani. "Nikikuuza mnadani," anasema, "hakuna wa kuniuliza."

Nimeshiba. Lakini nilitaka mawese. Nilitaka mke wangu. Basi.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika kwa jicho moja. Mistari inapanda juu.

Juzi lori la pamba lilimgonga mwendesha bodaboda pale njia panda karibu na jinari. Hakufa, alivunjika mguu. Lakini wenzake walisikia amekufa. Wakaziba barabara kwa mawe na matairi ya moto. Tulipotoka zamu tukakuta moshi. Askari wakaja. Kwanza mabomu ya machozi. Masanja alikimbia. Mimi nilisimama. Nilijiambia sina kosa, kwa nini nikimbie. Ujinga.

Kitu kikanipiga chini ya jicho la kushoto. Mlio sikuusikia. Nilikaa chini katikati ya barabara kama mtu anayesubiri chakula. Damu ikajaa mkononi, ya moto.

Risasi ya mpira. Masanja aliporudi aliona nyingine imelala kwenye lami, nyeusi, nene kama kidole gumba.

Mama Holo ndiye aliyenipeleka kituo cha afya. Taya lilikuwa limejifunga, sikuweza kutaja hata jina langu. Tabibu, mwanamke kijana, aliuliza. Mama Holo akajibu kwa Kisukuma, na tabibu akamwitikia kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha salamu tu. Nilisikia ng'ombe, ng'ombe, nikadhani wanaongea mambo ya kwao. Nikaoshwa, nikashonwa, nikachomwa sindano ya pepopunda.

Maumivu ni makubwa. Sina zaidi.

Jumapili, 14 Julai

Nimejiona kwenye kioo. Upande wa kushoto ni wa mtu mwingine, mnene, mweusi wa zambarau. Jicho limezibwa na uvimbe. Shavu lina ganzi, na mdomo wa juu, na meno ya upande huo. Nakunywa uji kwa mrija na unanitoka bila kujua.

Leo ndiyo nimeambiwa. Mama Holo amekaa kwenye kigoda akasema, bila aibu, "Nimemwambia daktari umepigwa pembe."

Nikauliza kwa meno yaliyofungwa, pembe ya ng'ombe gani?

"Mweusi. Tabia yake mtaa mzima unaijua."

Nilicheka nikaumia. Kisha akaacha utani. Akasema ukitaja risasi watadai fomu ya polisi, na fomu inatolewa na nani? Askari. Watauliza mgeni huyu alikuwa anafanya nini barabarani, alirusha mawe mangapi. "Huna ndugu hapa. Nitakwenda kumwambia nini mkeo?"

Alifanya kwa wema. Nilimshukuru kwa Kisukuma. Wabeja, Mama. Akaniambia hata shukrani yangu inanuka Kiha.

Jumanne, 16 Julai

Leokadia alipiga. Masanja alishamwambia naumwa jino. Aliongea yeye, mimi nikaguna. Mvua ya mwisho iliangusha sehemu ya ukuta wa jiko, kaka yake ameusimamisha. Maharage yametoka vizuri. Kisha akamweka mtoto karibu na simu. Mtoto hakusema kitu, atasema nini. Nilisikia pumzi.

Baada ya hapo nimegeukia ukuta. Masanja akatoka nje, mtu muungwana.

Jumatano, 17 Julai

Kituo cha afya, kutoa nyuzi. Muuguzi mlangoni akapaza sauti, "Huyu ndiye Muha wa ng'ombe?" Foleni yote ikacheka. Mzee mmoja akanipa ushauri wa namna ya kukaa mbele ya dume. Nikaitikia kwa kichwa.

Uvimbe umeshuka, jicho linafunguka kidogo. Tabibu akalimulika. Nilimwona kama katika moshi, na vidole vyake viwili vikawa vinne. Akasema damu imevuja ndani ya jicho, nilale kichwa kikiwa juu, nisiinue kitu. Kidonda kinatoa maji. Akakibonyeza, akakunja uso.

Akasema pembe huwa inachana. Hii yako imetoboa ikabonyeza, na duara lake bado linaonekana. Akamtazama Mama Holo. Mama Holo akatazama kalenda ya ukutani. Tabibu akanitazama mimi.

Taya sasa linafunguka. Ningeweza kusema. Nimekaa kimya. Niliogopa, ndiyo hivyo tu.

Ijumaa, 19 Julai

Usaha. Ndani ya shavu kuna kitu kigumu, nikikisukuma kinateleza. Mama Holo amenipaka samli. Ilinukia vizuri. Haikusaidia.

Jinari wameweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Masanja anasema hajui kusukuma, anasukuma kama anabembeleza mgonjwa.

Jumapili, 21 Julai

Mtaani wanasema kuna watu wameitwa kuulizwa kuhusu ile siku. Nimemwuliza kila anayesema, nani ameitwa? Hakuna anayemjua. Kila mtu amesikia kwa mwenzake. Lakini hofu haihitaji jina la mtu. Imekaa nami mkekani siku nzima.

Mchana nilimwomba Masanja simu. Nikafungua picha ya Ester. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja.

Sikumwona mtoto. Niliona mwanga wa simu, na giza la kahawia pembeni, kama chai iliyomwagika.

Nikaondoa kiganja, akarudi, na mashavu yake na kofia ya sufu. Nikaziba tena. Hayupo. Nimefanya hivyo mara nyingi, kama mpumbavu.

Kesho nasema. Wakinikamata wanikamate na macho mawili.

Jumatatu, 22 Julai

Nimesema.

Sikumwambia Mama Holo njiani, ningeshindwa. Tulipoingia nikasema kwa Kiswahili, polepole, nisije nikarudi nyuma: daktari, haikuwa ng'ombe. Ilikuwa risasi ya mpira.

Mama Holo akajishika kichwa. Tabibu akaweka kalamu mezani. Alikasirika kweli. Akasema pembe inaleta uchafu, hivyo alisafisha uchafu akashona. Pigo la risasi linaumiza hata ndani ambako yenyewe haikufika, kwa hiyo angenituma Mwanza kwa daktari wa macho siku ile ile, na angetafuta mabaki kabla ya kufunga. Na mpira hauonekani vizuri kwenye eksirei, lazima mtu aambiwe ndipo autafute. "Kwa nini mlinidanganya?"

Mama Holo akaanza Kisukuma. Kirefu, kwa mikono yote miwili. Sijui alisema nini. Nilimwona tabibu akigeuza uso dirishani, mabega yanatikisika, na alipogeuka alikuwa anajifuta macho. Sikujua alikuwa anacheka au analia.

Halafu tabibu akasema jambo ambalo sote wawili tulikuwa hatulijui. Mtu mwenye hali ya dharura anatibiwa kwanza. Fomu inakuja baadaye.

Hatukuuliza. Kuuliza tu kungetosha.

Akanichoma ganzi, ingawa shavu lilikuwa na ganzi yake. Akafungua. Nilisikia anavuta. Kikatoka kipande cheusi, ukubwa wa harage, akakiweka kwenye kisahani cha chuma. Hakikulia hata kilipoanguka. Mama Holo akakisogelea akakitazama.

"Yaani Mweusi tumemsingizia kwa ajili ya hiki?"

Tabibu ameandika barua ya kunituma Mwanza. Nje nilimwuliza Mama Holo alimwambia nini daktari. Tukatembea mpaka kwa wauza nyanya. Ndipo akasema, "Nimemwambia ng'ombe huyo nilimleta mimi na leo namrudisha mimi. Lawama ni yangu, wewe mtani asikuguse."

Jumatano, 24 Julai

Tumekwenda kuchukua fomu ya polisi. Mama Holo alivaa gauni la kanisani. Askari wa mezani aliandika bila kuinua kichwa, akauliza jina na mahali nilipoumia, akagonga muhuri. Akasema pole. Kumbe.

Nikatoka na karatasi yangu mkononi. Hofu yote ile, na samli yote ile.

Ijumaa, 2 Agosti

Mwanza. Masanja alinisindikiza, aliomba ruhusa akadanganya kwamba mjomba wake amefariki. Nikamwambia tumeshachoka na uongo. Akasema huu ni mdogo, na mjomba mwenyewe hajali.

Daktari wa macho alitia dawa, akatazama kwa taa, muda mrefu. Shavu linapona, kasema. Mfupa umeunga, umebonyea kidogo. Jicho, hapana. Nyuma yake palipasuka siku ile ya pigo, na ngozi ya ndani imeachia. Nitatofautisha mchana na giza. Zaidi ya hapo nisitegemee.

Nikamwuliza, ningekuja siku ya kwanza? Akasema labda. Labda hata hivyo lisingepona. Alisema kwa upole, na upole ule uliniudhi.

Masanja alininunulia sato wa kukaanga. Sikuweza kula. Ziwa lilikuwa pale mbele, kubwa, linang'aa. Nililitazama kwa nusu.

Leo nimemchukia Mama Holo. Naandika kwa sababu ni kweli. Nimejichukia na mimi, niliyekaa kimya kitini siku ile naye akitazama kalenda. Aliyefyatua simjui sura, chuki yangu haina pa kumkamatia.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimerudi Bariadi. Mama Holo alikuwa mlangoni. Alinitazama usoni akajua. Hakuniita mtani. Akaenda zizini, akakaa huko mpaka jioni. Nilimfuata. Nikamsaidia kufunga ng'ombe. Mweusi ni mpole kabisa, ananusa mifuko tu.

Chuki imepungua. Haijaisha.

Jumapili, 4 Agosti

Nimempigia Leokadia kwa simu ya Masanja, ya kuonana. Nilikaa nimegeuza upande wa kulia. Akasema, "Baba Ester, mbona unanitazama kama kuku?" Tukacheka.

Nikageuka.

Nilimwona anasogeza uso wake mpaka skrini ikajaa paji lake la uso tu. Akauliza linaona? Nikasema halioni. Akauliza linauma? Nikasema sasa haliumi. Nikamweleza yote, barabara, ng'ombe, harage jeusi. Alilia kidogo, kwa hasira, alinilaumu kwa habari ya jino. Ana haki.

Kisha akamwinua mtoto. Ester akaishika simu akaitia mdomoni. Picha ikawa nyekundu yote.

"Njoo," alisema Leokadia.

Nikasema msimu haujaisha, na sura yenyewe hii.

"Njoo na hiyo hiyo sura."

Jumatano, 7 Agosti

Nimefunga mzigo. Begi moja. Masanja amenipa kofia yake, anasema inanifaa kuliko yeye, ni uongo. Tabibu ameandika karatasi nionyeshe hospitali ya kwetu, akanionya nilinde lile jicho lililobaki kwa kila hali, nikichanja kuni nivae miwani. Nimeahidi.

Mama Holo amenipa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na chupa ya samli. Akasema, "Mwambie mkeo mimi ni mtani wako, asiniapize." Nikasema nitamwambia wewe ni mama. Akanisukuma bega, la kulia, nione mkono unavyokuja.

Alhamisi, 8 Agosti

Stesheni ya Malampaka. Treni imechelewa. Watu wananung'unika, mama mmoja anamenya machungwa. Upepo mkavu. Nimekaa na ukuta upande wa kushoto, hivyo kila anayepita namwona.

Tabora nitabadilisha. Kisha Kigoma. Kisha gari la kupanda milimani.

Nikifika sitaingia ndani kwa haraka. Nitanawa mikono na uso kwanza, nikae kwenye kiti cha pale nje. Nitamwomba Leokadia amlete mtoto kwa kuja upande wa kulia. Nimwone tangu mlangoni.