Mnyonya Damu na Mchumba wa Kwamboka

Minnesota,
Jumapili jioni

Mdogo wangu Ombati,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Taarifa yako ya Ogembo ilinifikia, nami sikujibu kwa sababu sikujua la kujibu. Natumaini goti lako limepata nafuu na chai inachumwa licha ya mvua. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Ulifanya kazi ya esigani, mchunguzi wa ukoo wa mchumba, kama walivyoifanya wazee wetu kabla ya binti kuolewa. Ulikwenda Ogembo kwa kina Nyakundi, kijana anayetaka kumwoa Kwamboka, ukawauliza majirani kimya kimya, ukarudi na jibu kwamba mama yake ni mchawi, na nyumba hiyo si ya kuozesha binti. Nilikubali. Nilichosubiri ni nafasi ya kumwambia binti yangu.

Sasa sikiliza. Binti yetu huyu ana tamthilia anayoipenda kwenye televisheni. Mhusika mkuu ni mpelelezi wa mauaji, naye mwenyewe ni mnyonya damu aliyeishi kupita kiasi. Ni upuuzi, lakini jioni za huku hazina pa kwenda. Kinachonichosha ni kwamba kila anapokaribia kumkamata muuaji, picha inafifia na tunarudishwa enzi za farasi na mishumaa. Hadithi iliyonyooka huanza mwanzoni. Hii inapiga hatua moja mbele, kisha inarudi nyuma kama ng'ombe anayekataa josho.

"Muuaji ni nani?" niliuliza.

"Baba, tulia. Wanatuonyesha mpelelezi alikotoka."

"Sikuuliza alikotoka."

"Na ulisema hutaki hata kumwona huyo mnyonya damu," akanicheka. "Mbona leo umeketi kabla yangu?"

Jumamosi, si hii ya jana bali iliyotangulia, jua lilipotua na Sabato kwisha, Nyakundi alikuja kula nasi. Nilimkaribisha kwa sababu ya adabu tu. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vimetuonyesha yule mpelelezi, zamani hizo, ameinama juu ya maiti ya mwanamke, nguo zimelowa damu. Nilishamhukumu. Jioni hiyo wakaturudisha palepale, ila wakaanza mapema kidogo: wanakijiji ndio waliompiga mwanamke yule mawe, na mpelelezi alikuwa akijaribu kumbeba.

"Wangesema hivyo tangu mwanzo!" nikafoka. "Wametupotezea majuma mazima!"

Nyakundi hakucheka. "Mzee, wangesema mwanzo, ungeamini?"

"Kwani wewe una la kusema?"

Kwamboka akaacha kula.

"Najua mlimtuma mtu Ogembo, habari zilinifikia," akasema Nyakundi. "Baba yangu alikufa ghafla. Baba zangu wadogo wakasema mama amemroga, wakachoma nyumba yetu. Mama akanichukua tukaenda Nyaramba, na mpaka leo yuko huko, anauza ndizi. Hao majirani mliowauliza, Mzee, ndio wanaolima shamba la baba."

Nilikasirika, Ombati. Nilimkasirikia yeye kwa kunyamaza muda wote huo, nikamkasirikia Kwamboka kwa kujua na kunificha, nikakukasirikia na wewe kwa kuwauliza majirani hao tu na kuridhika. Nyakundi alipoondoka, nilimwuliza binti yetu atafanya nini nikikataa.

"Sitatoroka naye, Baba. Lakini sitaolewa na mwingine."

Alisema hivyo bila machozi, na ndiyo maana ninaamini.

Basi nenda Nyaramba. Usimtume mtu. Mtafute mama yule sokoni, mwambie wewe ni nani na kilichokuleta. Mwache aanze kusimulia anapotaka, na akirudi nyuma, usimkatize. Usiende kwa jirani yeyote kabla yake. Akikukaribisha kwake na kukupikia, kula. Najua utaogopa, maana esigani hali chakula katika nyumba yenye sifa ya uchawi. Kula hata hivyo, ashuhudie kwamba umekula. Nikilikosea jambo hili, nitakuwa nimemwadhibu binti yangu kwa moto uliowashwa na watu wengine.

Nisalimie shemeji yangu, mke wako, na mama yetu. Mwambie Mama asikatize dawa zake. Wajukuu wasalimie kwa majina yao, si kwa jumla.

Kwamboka sijamjibu. Anapika, anakwenda kazini, anarudi, haniulizi, na kutoulizwa huko kunanielemea kuliko kuulizwa. Nikishapata neno la mama yule kupitia kwako, nitaamua, na siku hiyohiyo nitakuandikia, liwe ndiyo au hapana.

Kaka yako,
Mwalimu