Mume wangu anaendesha, mimi naona

Anti Rogathe, shikamoo. Naomba unisaidie mapema maana shule zinafunguliwa Jumatatu na mume wangu atawapakia tena watoto wa watu.

Naishi Same mjini, nyuma ya soko, mtaa wetu watu wanatembea kwa miguu au wanapanda bodaboda, gari ni moja tu, Noah yetu. Mimi na mume wangu Eliamini hatukujaliwa mtoto, na unajua kwetu mwanamke asiye mama fulani watu wanavyohangaika namna ya kumwita, basi gari lilipokuja vijana wakaanza utani wa kumwita yeye Baba Noah na mimi Mama Noah, mwanzoni nilinuna, nikazoea, sasa hata mchungaji anatuita hivyo na mume wangu anaitika kwa furaha kabisa. Duka lake la pembejeo haliko mbali, angeweza kwenda kwa miguu bila hata kutoka jasho, ila lazima atoke na gari, na lazima awavushe watoto wa majirani barabara kuu awafikishe shuleni, na mtu akiumwa au kukiwa na msiba Gonja ni yeye anayepandisha watu mlimani.

Sasa haoni, Anti. Ni presha ya macho, tulienda Moshi daktari akamwambia pembeni pameshakufa na hapatarudi, akamwambia asiendeshe tena, yeye akasema ndiyo daktari, tukatoka nje akaniomba ufunguo. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilipomwambia tuuze gari hakugombana, alikaa kitandani akaniuliza, "Likiondoka mimi nitaitwa nani?" Nililia, asubuhi nikapanda naye kiti cha mbele.

Tangu hapo namwongoza. Namwambia bodaboda kushoto, ng'ombe wanavuka, lori linakuja ngoja, sasa twende, na yote namwambia kwa Kipare kama vile tunapiga soga, kwa sababu watoto tunaowapakia wengi ni Wamasai na Wachaga, na wa kwetu wamekulia Kiswahili, hawaelewi. Majirani wanatusifu, wanasema hawa wawili wanapendana mpaka kwenye gari hawanyamazi.

Juzi tukampakia mzee wa kanisa kutoka Gonja, Mpare mwenzetu, nikajisahau nikaendelea na Kipare changu. Kwenye kona za kushuka alishika kiti kwa mikono miwili. Tulipofika akanivuta pembeni akasema, "Mama, nimesikia yote. Sitamwambia mtu, ila usinipakie tena."

Na kabla ya likizo nilipaliwa na chai niliyokuwa nakunywa garini. Tulikuwa tunaingia kwa jirani yangu Naisula kumchukua mwanawe Naserian, nikawa nakohoa, sikuweza kusema neno, na mtoto alikuwa amesimama upande wangu. Boneti iligusa sketi yake. Alicheka, akadhani anataniwa, na mama yake akasema asante Baba Noah kama siku zote. Mume wangu hajui mpaka leo. Nilifika kazini nikajifungia chooni.

Nikiwaambia majirani nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya mtaa mzima, na yeye hana kingine. Nisipowaambia, nitaishije na hofu hii? Nifanye nini Anti? Tafadhali ukilitoa hili gazetini badilisha majina.

Hedwiga, Same

ANTI ROGATHE ANAJIBU:

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mara mbili na nimekuonea huruma, kisha nikakukasirikia, na hasira haijaniisha.

Pole kwa macho ya mumeo. Pole pia kwa miaka yote ya kuitwa kwa jina la gari na kuchekelea. Najua linavyouma, na sikulaumu kwamba ulilia alipokuuliza swali lile. Lakini tuambiane ukweli. Unajiita mke anayemsitiri mumewe. Wewe ndiye dereva, Hedwiga! Yeye anashika usukani tu. Siku Noah ikimgonga mtoto, utakuwa umemgonga wewe, kwa mdomo wako au kwa kikohozi chako. Na hicho Kipare unachojivunia hukukitumia kumsitiri mtu, umekitumia kuwafunga macho watoto wasiojua wamepanda nini.

Usinieleze habari za heshima yake. Heshima gani hiyo ambayo mzee wa kanisa anaikimbia? Na huyo mzee naye aone aibu, kujiokoa mwenyewe na kuwaacha watoto humo ndani.

Sasa sikiliza. Ufunguo uchukue leo, umpelekee kaka yake au mchungaji, usiufiche ndani ya nyumba maana ataupata. Mwambie mumeo kuhusu Naserian, bila kupunguza kitu, mwambie ilipogusa. Mrudishe Moshi akapewe dawa za kulinda hicho kidogo kilichobaki. Atanuna, atakataa chakula chako, huenda asikusamehe kabisa. Sikudanganyi kwamba mtarudi kama zamani. Dukani ataenda kwa miguu, wewe ukimshika mkono, na watu watatazama, na wengine watamcheka. Vumilieni.

Kuhusu majina. Nilikupigia simu siku mbili kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikaeleza mimi ni nani, ukakata. Kwa hiyo sikubadilisha hata jina moja. Naisula ana haki ya kujua mwanawe anapakiwa na nani, na gazeti hili linafika Same Jumamosi. Kama umelipata kabla yake, liweke chini, toka sasa hivi, ukamwambie mwenyewe.