Ticha, Niliwaambia Utapona

Ticha,

Sasa. Najua ungejibu poa halafu uniulize kama nimekula. Nimekula. Kila asubuhi nafungua salon hapa mtaani 56, nasuka watu, wanaongea, naitikia. Ni kama mtu mwingine ndiye anafanya hayo yote na mimi nimesimama kando namwangalia.

Sijalia. Siku walipokubeba kukupeleka nyumbani Busia nilikuwa kanisani nagawia watu chai na mkate. Nilipotoka nje na sufuria, gari lilikuwa limeshaondoka. Mke wa pastor akanishika mkono, akasema jipe moyo. Nikamuuliza kama vikombe vyake ni vile vya bluu.

Nakuandikia kwa sababu ya watoto wako wa darasa la Jumapili, wale wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne ambao hakuna mwingine kanisani aliyewataka. Ni wakubwa sana kukaa na wadogo wakipaka picha rangi, na vijana wa kwaya wanawafukuza. Pastor aliniambia tu, "Nekesa, wewe ndiye ulikuwa unamsaidia. Endelea." Nikaendelea.

Jumapili ya kwanza bila wewe nilisimama mbele na kitabu cha masomo nikakisoma. Ulinikataza hiyo kitu tangu mwanzo. "Mtoto wa miaka kumi na mbili ukimlazimisha akae, mwili utakaa, mwenyewe ameshaenda." Wewe ulikuwa unaanza na mchezo wa kati pale nje, uko katikati, leso kiunoni, unakwepa mpira na hiyo miaka yako hamsini na kitu. Wakishachoka kucheka, ndipo wanaingia kuigiza habari ya siku. Ile siku ya Yona walimlaza Sharleen chini ya benchi ndiyo tumbo la samaki, akakataa kutoka. Akasema huko ndani ni afadhali kuliko Ninawi. Ulicheka ukakaa chini kabisa, kwenye simiti.

Mimi nilisoma. Wao wakaangalia mlango. Jumapili iliyofuata walikuja tisa, halafu watano. Sharleen hakuja kabisa.

Kuna kitu hukukijua. Ile wiki sukari ilipokupanda ukalazwa, walinizunguka hapo kanisani na Sharleen akauliza, "Ticha atapona?" Nikasema atapona, tukiomba kwa imani atapona. Sikuweka labda. Wakafunga, Ticha. Siku tatu hawakula chakula cha mchana shuleni. Saa kumi walikuwa wanakuja na yunifomu zao, wanapiga magoti. Sharleen ndiye aliwapanga, akaandika nani ataomba lini.

Siku ya nne ukafa.

Na mimi nikasimama mbele yao nikasema Mungu alikupenda zaidi yetu. Kisha nikafungua kitabu.

Mamake Sharleen alikuwa amehamia Kibera, Soweto West, karibu na kazi yake. Nilijiambia ni umbali tu unamzuia mtoto. Lakini Jumanne moja salon ilikuwa kavu, hakuna mteja, nikafunga nikaenda kumtafuta. Nilimpata mlangoni anaosha vyombo. Hakuinuka.

"Ulisema atapona," akaniambia.

"Nilisema."

"Ama ni mimi? Siku ya pili nilikula mandazi. Moja tu. Cynthia alinipea na nilikuwa nasikia njaa."

Miezi miwili, Ticha. Miezi miwili huyo mtoto amekaa na hiyo mandazi moyoni, akijua ndiyo ilikuua.

Nilikaa kwenye mtungi wa plastiki wa maji. Nikamwambia, "Si mandazi. Hata ungekula kumi. Mimi ndiye nilisema kitu sikuwa najua. Nilitaka sana iwe kweli."

Akasugua sufuria muda mrefu. Ilikuwa imeshang'aa.

"Kwa nini hukusema hivyo Jumapili?"

Nikachukua sahani moja nikaisuuza.

"Basi waambie wengine," akasema. "Kelvin anadhani ni yeye. Alisinzia tukiomba."

Aliwatumia ujumbe wote kwa simu ya mamake. Jumapili wakajaa, na yeye mwenyewe akatoka Kibera akaja. Niliwaambia hivyohivyo nilivyomwambia yeye, sauti ikitoka kavu kama natangaza mkutano. Halafu Kelvin akasema habari ya kusinzia. Cynthia akasema alikukasirikia ile siku ulimrudisha nyumbani abadilishe blauzi. Mwingine alisema hakutaka kukuombea, alitaka tu kuwa na wenzake. Kila mmoja alikuwa amekuua kivyake. Tulikaa mpaka ibada ya wakubwa ikatoka. Pastor akachungulia, akaona, akaurudisha mlango polepole. Wengine walilia. Mimi nilipitisha tishu.

Juzi Kelvin amesema nyanyake anaumwa kifua. Wakaniangalia wote, yale macho unayajua.

"Atapona?" akauliza.

"Sijui."

Nilingoja watoke. Hakuna aliyetoka. Sharleen akasema, "Si tuombe tu," na tukaomba. Sikuhisi chochote, nisikudanganye. Nilishika mkono wa Kelvin upande huu na wa Cynthia upande ule, mpaka tukasema amina.

Sasa wanataka kuigiza kufufuka kwa Lazaro. Nilijaribu kuwapa Zakayo, wakakataa. Na hakuna anayetaka kuwa Lazaro wala Yesu. Wasichana wote wanang'ang'ania kuwa Martha, kwa sababu Martha ndiye anamkabili Yesu njiani na kumwambia umechelewa. Naliogopa hilo somo, Ticha. Sijui watamalizia wapi, na sijui nitawaambia nini wakiniuliza kwa nini Lazaro aliitwa atoke na wewe hukuitwa.

Lakini sitaliruka, na sitasoma kitabu. Nakuahidi hilo. Nitawaacha Martha wote waseme yote waliyo nayo, wamalize, na sitajifanya najua jibu.

Lala salama, mama. Naenda kufungua, kuna mteja mlangoni.

Nekesa