Wati Mia na Tisini

Felista mpenzi,

Mikorosho imeanza kuchanua hapa Naliendele. Mama anakusalimu.

Siku ya mashindano ya baiskeli na kukimbia ulinibandikia karatasi kwenye usukani: "Vilimani, wati 190 tu. Wakikupita waache, utawapata kwenye kukimbia." Kipima nguvu, kinachoonyesha wati ninazokanyaga, nilikuwa nakiona. Lakini kwenye mlima wa Newala mshindani wangu Fadhili alinipita, watu wakamshangilia, nami nikakanyaga hadi wati 300. Kiburi tu, Felista. Nilimpita kweli, ila kwenye kukimbia miguu ikagoma, nikatembea kilomita kumi na tisa.

Baba yako alikuja kunitazama kabla ya kujibu barua ya posa, nanyi wawili mkanisubiri mwisho wa mbio hadi jua likazama. Nilipofika, mlikuwa mmeshaondoka, waandaaji wakikunja mahema.

Karatasi yako sijaibandua.

Mwambie baba nilifika.

Wako,
Isaya